Siku ya Watu Wawili Ku Bembea

Ninyi mnaobaki kazini pale Ku Bembea mliniomba niandike namna tulivyokuwa tukifanya. Mwezi uliopita nilirudisha funguo, filimbi na kopo la grisi, mkanipigia makofi, na kesho yake mmoja wenu akanipigia simu kuuliza kwa nini bembea ya tatu inalia. Inalia kwa sababu hamkuipaka grisi. Nimeona basi afadhali niandike yote polepole, toka mwanzo.

Siku yangu ya kwanza hapakuwa na bembea hata moja. Palikuwa na majani marefu, miti miwili ya avoka, na kipande cha ufuko wa ziwa ambapo wavuvi wa mji wetu wa Baraka walianika ndagala, dagaa wetu. Patron, mwenye mahali pale, alikuwa ameishi miaka mingi kusini, katika mji mkubwa ambao watu huuendea kwa ajili ya michezo tu: magurudumu marefu kupita kanisa, mashua za kukanyaga kwa miguu, treni ndogo inayozunguka bila kufika popote. Alirudi na albamu ya picha. Akatuketisha chini, mimi na Papa Etabo fundi mbao, akatufungulia ukurasa mmoja. Bwana na bibi walikuwa wamekaa ndani ya kikombe kikubwa cha kuzunguka, wanacheka.

"Munaona bale?" akasema. "Banatoka mbali, siku mbili za safari, juu ya kukaa mu kikombe. Baraka iko na ziwa, iko na samaki, iko na milima. Inakosa tu kikombe."

Kikombe hatukukipata. Tulipata ekseli ya lori lililokufa barabara ya Mboko, na juu yake Papa Etabo akajenga manège, duara ya mbao yenye viti, ya kuzungushwa kwa kusukuma kwa mkono. Alijua kuchonga samaki tu, kwa hiyo viti vyote vikawa samaki. Kisha tukasimamisha bembea nne, kila moja ya watu wawili, zikitazama ziwa. Watu wakapaita Ku Bembea, yaani penye bembea. Wageni wa Bukavu walidhani jina linatokana na kabila letu, Babembe, tukawaacha waamini hivyo, maana walikuwa wakija na maswali mengi ya kutosha. Mwaka wa kwanza waliofika kutoka mbali kwa ajili ya fungate walikuwa jozi mbili tu za bwana na bibi, na jozi moja ilikuwa imepotea njia ikielekea Kazimia.

Papa Etabo ndiye aliyenifundisha kazi. Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, alinipeleka kwenye kamba. "Kamba hapana kuitazama," alisema. "Ishike." Alinifanya nipitishe kiganja toka juu hadi chini, kisha nijining'inize kwa uzito wangu wote huku yeye akihesabu hadi ishirini, taratibu kama mtu asiye na haraka ya kufa. Nikikuta uzi mmoja umekatika, tulikata kamba yote vipande vifupi, ili mtu asipate tamaa ya kuifunga tena. Fanyeni hivyo hivyo. Wakati barabara ya Uvira ilipofungwa na grisi kukosekana, tulitumia mawese. Mawese yanalainisha vizuri, lakini yanaita siafu, na mama mmoja wa Kalemie alishuka kutoka samaki wake wa mbao akicheza ngoma ambayo mume wake alidhani ni ya furaha.

Kazi ambayo watu walinijulia, lakini, haikuwa kamba. Ilikuwa kupangia wapenzi siku. Ilianza hivi: wawili walifika, wakakaa kwenye bembea, wakabembea dakika kumi, kisha bwana akaniita pembeni. "Papa Wilondja, na sasa?" Hakujua la kufanya tena. Kumbe wengi hawajui. Nikanunua kitabu cha mistari, nikaanza kuandika.

Nitawapa machache. Wapenzi wapya msiwakalishe uso kwa uso. Watatazama sahani. Wakalisheni ubavu kwa ubavu, wote wakielekea ziwa, na maneno yatakuja yenyewe. Wapelekeni ufukweni saa moja asubuhi, mitumbwi inapoingia, wachague wenyewe samaki watakayemla saa sita. Mtu akishachagua samaki pamoja na mwenzake wana la kuzungumza mpaka mchana. Wanaotaka kuwa peke yao wapandisheni pikipiki mbili, wakwee hadi Fizi. Kule juu kuna baridi, na baridi inafanya kazi yake bila msaada wetu. Wazee msiwapeleke mbali. Muzee mmoja alileta kutoka mlimani mke aliyeishi naye miaka arobaini, nikawapangia mashua, soko, pikipiki, kila kitu. Mama akanitazama. "Mutoto yangu, sisi tunataka tu kukaa." Walikaa. Jioni walinishukuru kama niliwajengea nyumba.

Mashua za kukanyaga tulikuwa nazo mbili, na mimi sikuzipanda hata siku moja. Naogopa maji. Nilizaliwa Mboko, hatua hamsini toka ziwani, na naogopa maji. Wavuvi wa kwetu wamenicheka mpaka wamechoka.

Kesi ngumu zilikuwepo. Bwana mmoja alileta mke wake ili wapatane baada ya ugomvi. Yule mke akapanda samaki wa manège, akakataa kushuka. Kila mara mume alipokaribia, mama aliniambia, "Sukuma, papa." Nikasukuma. Alikuwa akipita mbele ya mume wake, anamwambia sentensi moja, anazunguka, anarudi na sentensi ya pili. Saa mbili nzima. Mwishoe alimaliza maneno yote, akashuka, wakaenda kula. Kesho yake mikono yangu haikuweza kushika kikombe.

Kesi nyingine ndiyo iliyonifanya nimwone Goreth.

Goreth alikuwa Mrundi, mkimbizi. Alivuka na binti yake mmoja, mume alibaki kaburini kwao. Aliishi kambini kwanza, kisha wakapanga nyumba ndogo Baraka, na Patron akampa kazi ya kupokea watu mlangoni. Alikuwa mrefu, sauti ya chini, na alikumbuka jina la kila mtu aliyepita pale mara moja tu. Mwezi wa kwanza hatukusema mengi, yeye mlangoni, mimi kwenye kamba.

Siku hiyo walikuja bwana na bibi kutoka kambini. Walikuwa wakilala chumba kimoja na watoto saba, wa kwao na wa dada marehemu. Nilikuja na kitabu changu kuwauliza wanapenda nini. Goreth akanishika mkono.

"Papa Wilondja, hapana kubaonesha kitu. Tandika tu mukeka kule nyuma ya fensi. Bale bako na usingizi."

Nikatandika. Wakalala, wote wawili, chini ya avoka, toka saa nne mpaka saa tisa. Goreth alisimama njiani akiwazuia watoto wa jirani wasipige kelele. Walipoamka, yule bibi alikuwa na alama za mkeka shavuni, akacheka, na mume wake akazifuta kwa kidole moja moja. Nilimtazama Goreth anavyowatazama. Toka siku ile nikawa naanza kazi mapema kuliko ilivyohitajika.

Miaka sita tulifanya kazi pamoja. Mke wangu alifariki tukiwa bado vijana, hatukupata mtoto, na nilikuwa nimezoea nyumba yenye kikombe kimoja juu ya meza. Asubuhi Goreth alifika, tunanywa chai pale mlangoni, ananiambia ndoto ya mjukuu wake, mimi namwambia habari za kamba. Ndivyo ilivyokuwa. Mtaniuliza kwa nini sikusema kitu. Nilikuwa mkubwa wake kazini. Yeye alikuwa mkimbizi, na ile kazi ndiyo iliyolisha nyumba yake. Nilijiambia: nikimwuliza, akakubali, nitajuaje kama amekubali mimi ao amekubali kazi? Ilikuwa sababu nzuri. Niliitunza miaka sita, na chini yake nilificha woga.

Jumatano moja alinikuta nikipaka grisi manège. Alisimama, mikono nyuma.

"Papa Wilondja, Jumapili mi siko na kazi. Nataka unipangie siku. Siku ya bantu bawili, kama vile unapangiaka bale benye banatokaka Bukavu."

Nilifuta mikono muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. "Ni nani na nani?"

"Mi na muntu moja."

"Anatoka wapi?"

"Ni wa hapa hapa."

Nikachukua kitabu changu na bic. Nilimwuliza kama ninavyouliza mgeni yeyote, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kusimama pale. "Anapenda mashua?"

"Hapana. Anaogopaka mayi."

"Anapenda kula nini?"

"Samaki ya mukebuka, ya kukaanga. Ndimu mingi. Pilipili iwe kando."

"Ni muntu wa kusema sana?"

Akafikiri. "Kama ni mambo ya kazi, anasemaka sana. Mambo ingine, hapana."

Niliandika yote. Mwandiko wangu ni mzuri, mnaweza kukiona kitabu kile, kimo ndani ya kabati. Niliandika kuogopa maji, nikaandika ndimu, nikaandika hasemi sana, na mawazo yangu yalikuwa kwa mwalimu mmoja mjane aliyepita kila asubuhi mbele ya mlango akimwamkia Goreth kwa kuinua kofia. Nikaona ni yeye. Nikampangia Goreth siku bora kuliko zote nilizowahi kupanga, kwa sababu nilimtaka afurahi, na kwa sababu nilitaka kuumia mara moja yaishe. Bembea ya kwanza, ile iliyo mbali na manège. Meza chini ya avoka, viti ubavu kwa ubavu. Mama Asende, mpishi wetu, nilimwagiza achague samaki mwenyewe ufukweni.

Jumapili Goreth alikuja baada ya misa. Alivaa kikwembe cha kijani nilichokuwa sijakiona, na viatu alivyovishika mkononi kwenye mchanga, akavivaa alipofika kwenye meza. Alikaa kiti cha kushoto. Kiti cha kulia kikawa wazi. Nikamletea maji.

"Na wewe unakaa wapi leo?" akaniuliza.

"Niko kazini, Mama Goreth. Jumapili ndiyo siku ya bantu."

"Ni kweli," akasema. "Basi."

Nikaenda kusukuma manège. Kila mzunguko nilimwona: yeye, meza, kiti. Mama Asende akaleta sahani mbili. Mimi nikatazama njia, namngoja mwalimu. Saa saba, saa nane. Samaki wakapoa. Nitawaambia jambo la aibu: nilifurahi. Nilisukuma wale samaki wa mbao nikiwa mwepesi kama kijana, nikijisemea yule mwalimu ni mjinga, hakuja, Mungu ambariki. Nikamwona Goreth anabembea peke yake kwenye kiti cha watu wawili, kiti kinaelemea upande mmoja, nami bado nilifurahi.

Saa kumi alikunja kitambaa cha meza, akaja mpaka niliposimama.

"Aksanti sana, Papa Wilondja. Ulipanga muzuri."

"Pole juu ya mugeni wako."

Alinitazama kama mtu anayesoma ubao wa mbali. "Haina kitu," akasema, akaenda.

Jumatatu mlangoni hapakuwa na mtu. Nilingoja chai mpaka ikapoa, kisha nikaingia jikoni. Mama Asende alikuwa akisugua sufuria kwa nguvu ya hasira.

"Kwa nini haukukaa?" akaniuliza bila salamu.

"Kukaa wapi?"

"Ku kiti yako! Jana! Mutoto wa watu alikaa masaa ine na sahani ya muntu mwenye anapita mbele yake!"

Nilikaa chini juu ya gunia la makaa.

"Hapa kwetu," Mama Asende akasema, "mwenye anaogopa mayi ni nani? Ndimu zote za hii jikoni anazimalizaka nani? We unajua kusoma, Wilondja, lakini haukusoma kitabu yako mwenyewe." Kisha sauti yake ikashuka. "Na anaenda. Jina yake na ya binti yake zilionekana ku liste ya wakimbizi wa kurudi Burundi. Aliaga Patron siku ya posho. Alikataa tukuambie. Alisema atakuambia yeye."

"Anaenda siku gani?"

"Leo."

Nilikimbia kwa Patron, akanirushia funguo za pikipiki. Magari ya kuwarudisha wakimbizi yalipita barabara ya kaskazini, kuelekea Uvira. Mvua ilikuwa imenyesha. Nilianguka mara mbili kabla ya Nundu, na mara ya pili niliacha kiatu kwenye tope, nikaendelea bila hicho kiatu. Mbele ya Nundu mto ulikuwa umekula kando ya daraja, magari yakasimamishwa yapite moja moja. Hiyo ndiyo bahati niliyopata. Basi lake lilikuwa la nne kwenye foleni.

Alikuwa dirishani, mjukuu amelala mapajani mwake. Aliniona nikija na kiatu kimoja. Hakucheka.

"Goreth," nikasema. Sikuwahi kumwita hivyo, bila Mama. "Sikujua."

"Ulijua bantu bote bale benye banapita," akasema. "Mi tu haukunijua."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia. Uliandika yote mu kitabu."

Gari la kwanza likavuka daraja. Nikamwambia, "Shuka. Nakuomba. Shuka na batoto."

Akatazama ndani ya basi, binti yake amekaa kati ya vifurushi, mtoto wa pili mgongoni. "Binti yangu anataka kufika kwao," akasema. "Alitoka akiwa mutoto, hata shamba ya baba yake yeye haijue. Mi nilisha kuweka kidole ku karatasi. Ungekaa jana, ningekuuliza wewe kwanza, kabla ya kuenda. Ile siku niliiomba juu ya hiyo."

"Na ningesema usiende."

"Ndiyo. Nilitaka kusikia vile utasema."

"Usiende," nikasema.

Goreth alitoa mkono dirishani. Nikaushika. Nilishika mkono ule kama Papa Etabo alivyonifundisha kushika kamba, kwa kiganja chote, na sikukuta uzi uliokatika. Kisha dereva akawasha, askari akapiga filimbi, na basi likavuka.

Nilifanya kazi miaka mingine mitano. Ndiyo miaka mliyonijulia ninyi, na najua mlisema Papa Wilondja anauliza wageni maswali mengi mno. Ni kweli. Mtu akiniambia "nataka siku ya watu wawili," sikuandika tena neno mpaka nimwulize: mwenzako anajua? Wengine walikasirika. Kijana mmoja wa Uvira alirudi nyumbani kwenda kwanza kumwambia msichana, akaja naye baada ya wiki tatu, wote wakiwa na haya. Msiache kuuliza swali hilo.

Siku zangu za mapumziko nilikuwa nikienda Mboko kwa kaka yangu. Toka pale, hewa ikiwa safi baada ya mvua, unaona milima ya Burundi ng'ambo, na chini yake mabati yanametameta upande wa Rumonge. Goreth yuko huko. Wanakamua mawese, yeye na binti. Kaka alidhani nimependa upepo wa Mboko. Nilikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nikajaribu kuchagua bati moja, niseme ni lile la nyumba yake. Kila mara nilichagua jingine.

Simu alinipigia mara chache, laini ikiwa nzuri. Tulizungumza kuhusu wajukuu, mvua, nani amekufa Ku Bembea, nani ameoa. Hatukuzungumza kuhusu lile basi. Mwaka mmoja namba yake haikupatikana miezi minne, na nilijifunza kwamba mtu anaweza kupaka grisi kitu kilekile mara tatu kwa siku.

Nilipostaafu nilimpigia mimi. Nikamwambia sina kazi tena Jumapili. Sina kazi siku yoyote. Nikamwuliza kama muntu anaweza kuja kusalimia.

"Barabara ya kutoka mpakani iko muzuri siku hizi," akasema. "Hapana lazima kupita ku mayi."

Basi wiki hii nilikwenda kwenye bureau ya serikali kuomba laissez-passer, karatasi ya kuvuka mpaka. Nilivaa shati nililopigisha pasi. Mama aliyekuwa nyuma ya meza alijaza karatasi haraka: jina, mahali pa kuzaliwa, kazi. Kwenye kazi nikasema nimestaafu, akaandika. Kisha akafika kwenye mstari wa chini.

"Motif ya safari? Unaenda juu ya nini?"

Nilifungua mdomo. Nyuma yangu palikuwa na watu kumi na zaidi, wanapumua.

"Commerce? Biashara?" akanisaidia.

"Hapana, mama."

"Matibabu?"

"Hapana."

"Mazishi?"

"Mungu aepushe."

Akainua kichwa, akatazama shati, akatazama nywele nilizonyoa asubuhi ile. Sijui aliona nini. Akainama tena na bic yake. "Famille, basi, ni jamaa," akasema, akaandika, akagonga muhuri.

Ningeweza kumwambia kwamba sina mtu wa ukoo ng'ambo ile. Nilichukua karatasi, nikaipulizia ili wino ukauke, nikatoka nje.